Antena Zilizoelekezwa Unguja

Miaka ya 1980 nilikuwa fundi redio Gerezani, Dar es Salaam, lakini kazi iliyonipa hela ya maana ilikuwa kupandisha antena. Bara hatukuwa na kituo hata kimoja cha televisheni. Serikali ya Mwalimu Nyerere iliiona ni anasa, na ukiangalia foleni za sukari za wakati ule, sidhani ilikosea sana. Unguja, ng'ambo tu ya maji, walikuwa nayo tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970, tena ya rangi, wakati Kenya bado wanatazama nyeusi na nyeupe.

Basi waliobahatika kuwa na seti, wengi wao mabaharia na wafanyabiashara, waliniita nifunge antena kwenye mianzi miwili iliyounganishwa. Mmoja yuko juu ya bati anageuza, mwingine yuko chini anapaza sauti: "Bado! Chenga tupu! Hapo hapo, fundi, usiguse!" Kusi likianza kuvuma, antena zinageuka, naitwa upya. Sikulalamika.

Na baada ya jasho lote hilo, siasa gani tuliiona? Rais wa Zanzibar akifungua, akikagua, akipokea wageni. Januari 1984, Rais huyo, Aboud Jumbe, alipojiuzulu nyadhifa zake kwenye kikao cha Halmashauri Kuu ya CCM Dodoma, mtaani kwetu wenye seti na wasio nazo tulikuwa sawasawa: habari tuliipata redioni, na yaliyosemwa kikaoni tuliyapata kwa minong'ono.

Mwaka 1991 nilikwenda kukaa kwa mjomba, Majengo ya Pumwani, Nairobi. Wakenya walikuwa na televisheni tangu 1962, kabla hata ya uhuru. Saa moja jioni KBC ilianza na Mtukufu Rais Moi. Ikiwa Jumapili, utamwona anatoka kanisani. Mjomba alikuwa anasema, "Ngoja amalize, ndipo habari zianze." Kulikuwa pia na KTN, iliyofunguliwa 1990, ikirusha matangazo ya CNN. Agosti niliona vifaru kwenye mitaa ya Moscow na Yeltsin kasimama juu ya kimoja, utadhani niko pale pale. Novemba polisi walipouzuia mkutano wa FORD, vuguvugu la upinzani, pale Kamukunji, mahali ninapoweza kwenda kwa miguu, habari nilizipata kwa makanga wa matatu na kwa BBC.

Nilikuwa nimesharudi Dar mwaka 1994, CTN na ITV zilipofungua njia Bara. Mwaka uliofuata ukaja uchaguzi wa kwanza wa urais wa vyama vingi. Mchana nilimwona Augustine Mrema wa NCCR-Mageuzi barabarani, wafuasi wanalisukuma gari lake kwa mikono. Usiku nikamwona tena kwenye kioo, fundi mwenyewe nimekaa sebuleni kwangu, antena fupi, hakuna chenga. Kisha wagombea wote wanne, Mkapa, Mrema, Lipumba na Cheyo, wakakaa pamoja kujibu maswali mbele ya wananchi. Wakenya, pamoja na kututangulia zaidi ya miaka 30, walisubiri hadi 2013 kuona mdahalo wa wagombea urais. Zanzibar nako, mwaka ule ule wa 1995, Dk. Salmin Amour alitangazwa mshindi kwa asilimia 50.2 dhidi ya 49.8 za Maalim Seif Sharif Hamad, na kituo chao kilikuwa kile kile kimoja cha Serikali.

Vijana hupenda kuniuliza nani alitangulia. Kwa mitambo, Kenya. Kwa rangi, Zanzibar. Kwa kumwona mpinzani akijieleza kioo kizima, nasema bila aibu, sisi tuliochelewa. Ila haikuwa mali ya kudumu kwa yeyote. Januari 2016 Serikali ilitangaza kwamba TBC haitarusha tena Bunge moja kwa moja, na Januari 2018 Serikali ya Kenya ikazima NTV, KTN na Citizen siku Raila Odinga alipojiapisha Uhuru Park.