Kanyagio

Desemba 1999 ilinikuta na mimba ya miezi minane, nimekaa nyuma ya cherehani ya kukanyaga kwenye baraza moja ya Ngamiani, Tanga. Mwaka ule Ramadhani iliingia mwanzoni mwa Desemba, Krismasi ikawa katikati yake, na Idi ikaja kuangukia siku zilezile za Januari ambazo wazazi wanahangaikia sare za shule. Kwa fundi, hayo ni mavuno. Tulikuwa wanne, tunalipwa kwa nguo. Usiposhona, huli.

Cherehani ya kukanyaga inakula miguu na kiuno kabla haijafika mkononi. Tumbo lilikuwa limenisukuma nyuma, na ili vidole vifike kwenye sindano ilinibidi niiname. Nikiinama, mtoto ananipiga teke mbavuni na kiungulia kinapanda hadi kooni. Nikajaribu kukaa upande, nikanyage kwa mguu mmoja. Tumbo likapata nafasi, lakini baada ya siku tatu nyonga ya kulia ikawa inalia kila nikinyanyuka. Ikifika alasiri miguu imeumuka kama maandazi, viatu haviingii tena, hata nikaanza kuja kazini na makubadhi ya mume wangu. Choo kilikuwa mwisho wa ua, na kila safari ya chooni ilikuwa rinda moja halijashonwa. Basi nikaacha kunywa maji, hata usiku baada ya futari. Leo nikikumbuka hilo la maji ndilo linaloniuma zaidi.

“Mimba si ugonjwa,” alisema tajiri wetu nilipoomba kwenda kujinyoosha. Mama mkwe naye alilisema neno hilohilo, tena kwa upendo, maana yeye alilima mpaka siku uchungu ulipomshika. Wateja walilisema huku wakiuliza nguo zao zitakuwa tayari lini. Nami nikalimeza. Nikaamini kwamba anayelalamika hajakomaa.

Kliniki, nesi alinibonyeza ugoko kwa kidole gumba, akakiondoa, tukalitazama shimo lililobaki pale kwenye nyama likijaa polepole, kama unga wa ngano uliokandwa. Akanipima presha na mkojo. Akauliza kama kichwa kinauma, kama naona vimulimuli, kama uso na mikono vinavimba. Miguu kuvimba jioni na kupungua asubuhi, alisema, ni kawaida ya mimba kubwa. Uso na mikono vikivimba, kichwa kikigonga na macho yakiingia ukungu, hicho huenda ni kifafa cha mimba kinakuja, usingoje hata kesho. Nikajibu hapana kwa yote. Pete yangu ilikuwa haitoki kidoleni kwa wiki nzima, na alfajiri vidole vilikuwa na ganzi hadi nilishindwa kushika mkasi. Sikusema. Niliogopa nitalazwa, na hela ya Idi itapotea.

Presha ilikuwa sawa, Mungu alinisitiri. Ganzi ile, kama nilivyoelezwa miaka mingi baadaye, huwapata wajawazito wengi maji ya mwili yanapobana mshipa wa fahamu kwenye kifundo cha mkono. Lakini siku ile mimi sikujua hivyo, na nilimdanganya mtu pekee aliyeniuliza.

Mimba ya pili ilinikuta na kibanda changu mwenyewe na mota kwenye cherehani. Nilidhani shida imekwisha. Unagusa kwa ncha ya mguu mmoja tu, wa pili unaupumzisha juu ya ndoo iliyogeuzwa. Ila ilikuwa 2006, mwaka wa mgao wa umeme, na Idi ilikuwa mwishoni mwa Oktoba. Mchana umeme hakuna, mota imelala, narudi kwenye kanyagio. Usiku umeme ukirudi, nashona mpaka saa saba. Mara hii sikuwa na tajiri wa kumlaumu. Neno lile nilikuwa najiambia mwenyewe.

Mama yangu ndiye aliyelikata. Alikuja kunitazama, akasimama mlangoni kimya. Akachukua kanga, akaikunja mara nne kwa urefu, akaipitisha chini ya tumbo na juu ya nyonga, akafunga fundo ubavuni. Uzito ukahama kiunoni palepale, nikavuta pumzi ambayo sikuwa nimeivuta kwa mwezi mzima. “Nani kakwambia uvumilie?” aliniuliza. “Mimi sikukwambia.” Ilikuwa kweli. Wote walikuwa wameniambia isipokuwa yeye.

Baadaye mteja wangu mmoja, mtumishi wa serikali, alinisomea Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004. Mwajiriwa mjamzito ana likizo ya malipo ya siku 84, au 100 akijifungua zaidi ya mmoja, na anaweza kuianza wiki nne kabla ya tarehe yake. Miezi miwili kabla ya kujifungua haruhusiwi kufanyishwa kazi usiku, yaani kuanzia saa mbili usiku. Nilimwomba arudie hapo pa usiku. Nikaifikiria Desemba ile, taa ya chemli juu ya sketi za bluu. Sheria ilikuwa bado haijaandikwa, na ingekuwapo nani angeileta barazani kwetu?

Siku hizi nina mafundi wawili, na mmoja ana mimba ya miezi minane. Cherehani yake nimeiweka karibu na mlango wa uani, choo kiko hatua sita. Ndoo ya miguu ipo, jagi la maji lipo, mshipi wa kanga nimemshonea mwenyewe. Saa mbili kasoro robo usiku namzimia mota. Mwanzoni alikuwa ananiambia, “Mama, siumwi, mimba si ugonjwa.” Nikamwambia sijamuuliza kama anaumwa, nimemuuliza miguu ikoje.

Juzi mchana alikuwa amelala kwenye mkeka, ubavu wa kushoto, kanga usoni kwa ajili ya nzi. Mteja akaingia, akamtazama, akauliza sketi ya mwanawe. Nikamvuta kiti akae. Marinda matatu yalikuwa yamebaki, nikayamaliza mimi, taratibu, kwa mkono, ili mota isimwamshe.