Mtetemo wa Kigasha

Figo ni watumishi wawili ambao bwana wao hawakumbuki mpaka waache kazi. Zikichoka kabisa, taka na maji ambayo yangetoka kwa mkojo hubaki mwilini, na mtu hulewa sumu yake mwenyewe. Asiyepata figo ya mwingine, damu yake hutolewa nje, ikachujwa katika mashine, ikarudishwa. Saa nne hivi kila mara, na aghalabu mara tatu kwa juma. Wengi huisifu mashine. Mimi naona sifa nyingi zaidi yastahili njia ambayo damu huipita kuifikia mashine hiyo.

Willem Kolff aliunda mashine ya namna hii Uholanzi katika mwaka wa 1943, illa kila alipoitumia ilimpasa kutoboa mshipa, na mishipa ya mtu ina hesabu. Katika mwaka wa 1960, mjini Seattle, Belding Scribner aliacha mirija ya Teflon katika mkono wa Clyde Shields, ambaye aliishi mpaka mwaka wa 1971. Hata hivyo mirija iliziba, na vijidudu viliingia pale ilipotokeza nje ya ngozi. Ndipo katika mwaka wa 1966 James Cimino na Michael Brescia wa New York, pamoja na mpasuaji Kenneth Appel, walipotangaza jambo rahisi kwa kusimulia: ateri ya kifundo cha mkono ishonwe na vena iliyo jirani yake, chini ya ngozi, pasibaki kitu kigeni ndani. Vena, iliyozoea damu ya upole, hupokea nguvu ya ateri. Baada ya majuma kadhaa hutanuka, na ukuta wake huwa mnene hata ukavumilia sindano. Matabibu hupenda iwe na upana wa milimita 6, na ipitishe mililita 600 za damu kwa dakika.

Kiungo hicho huitwa fistula. Mjomba wangu, mkulima wa kahawa wa Itaka katika Wilaya ya Mbozi, aliporudi nacho kijijini, baadhi ya wazee walitazama chini waliposikia jina lake, maana kwetu neno hilo lajulikana kwa maradhi ya wanawake yatokanayo na uzazi. Mjomba hakueleza mengi. Alikunja shati akawaambia waweke vidole juu ya kigasha chake. Palikuwa na mtetemo wa daima, ambao yeye aliufananisha na mashine ya kusaga isikiwayo kutoka kijiji cha pili.

Kila alfajiri aliugusa kabla hajasalimu mtu. Siku moja, msimu wa kuchuma buni, hakuukuta. Mkono haukuuma wala haukuvimba. Ulikuwa kimya tu. Hakungoja chai. Alipata gari mpaka Mlowo, na toka hapo alishika barabara kuu ya Mbeya, kwa sababu alikwisha kuambiwa kwamba bonge la damu likikaa siku nyingi hushikamana na ukuta wa mshipa, na fistula ikipotea hubaki mpira wa shingoni, ambao huita vijidudu na waweza kuisonga mishipa mikubwa ya kifua.

Mpasuaji aliutia mkono ganzi, akafungua vena, akapitisha mpira mwembamba wenye kiputo nchani, aliobuni Thomas Fogarty wa Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1960. Kiputo kikiwa kimelala hupenya bonge. Kikijazwa maji huvimba, na kikivutwa hulikokota bonge lote nje. Lakini kuzoa tope mferejini na kuliacha jiwe lililolikusanya si kazi. Jiwe lilikuwapo: karibu na mshono wa kwanza, ukuta wa ndani wa vena ulikuwa umenenepa hata njia ikawa nyembamba, kama itukiavyo mara nyingi mahali hapo kwa msukosuko wa damu. Pangaliweza kutanuliwa kwa puto, bila kisu kikubwa, ijapokuwa penye kutanuliwa mara nyingi husonga tena. Pangaliweza pia kutiwa kiraka. Mpasuaji huyu aliikata vena juu kidogo ya pale palipodhuriwa, akaishona upya na ateri ile ile, vidole viwili juu ya kovu la zamani.

Vidole viwili tu! Hapo ndipo nilipoona ubahili mwema wa kazi hii. Urefu wa kigasha ni akiba ya mgonjwa. Kila upasuaji huila kidogo, na mpasuaji anayeanzia kwenye kiwiko bila sababu hutumia urithi wote siku ya kwanza. Vena ile iliyokwisha kukomaa ilibaki, hata hakuna aliyehitaji kungoja majuma mengine ndipo sindano ipite. Wauguzi nao walibadili mahali pa kuchoma kila safari, kwani pakichomwa pale pale hulegea pakatokeza uvimbe.

Mkono huo haupimwi shinikizo la damu, haufungwi saa, haulaliwi, wala haubebi mzigo mzito. Katazo la mwisho ndilo mjomba alilobishana nalo mpaka mlangoni. Aliporudi Itaka buni zilikuwa bado mitini. Alichuma kwa mkono wa kulia, na wajukuu wakabeba madebe.