Ross: Msikiti Katika Nyika ya Ngano

Wakitajwa Waislamu wa Marekani, fikra zetu hukimbilia New York, Chicago au Detroit. Ni nadra kati yetu kuikumbuka Ross, kimji kidogo cha wakulima katika jimbo la North Dakota, karibu na mpaka wa Kanada. Sensa ya mwaka 2010 iliwahesabu wakazi 97 tu. Misikiti yetu mingi ya mitaani hupata safu zaidi ya hizo siku ya Ijumaa.

Ross imo katika wilaya ya Mountrail, magharibi mwa Stanley, kando ya reli na ya barabara kuu namba 2. Nchi yake ni nyika pana ya nyasi na ngano, yenye miti michache na upepo usiokatika. Majira ya baridi hushuka hadi nyuzi 30 chini ya sifuri, na theluji huifunika ardhi kwa miezi.

Mwanzoni mwa karne ya ishirini walifika huku Waislamu kutoka Syria ya wakati huo, chini ya dola ya Uthmaniya, wengi wao wakitoka sehemu ambazo leo ni Lebanon. Sheria ya mwaka 1862 ilimpa mlowezi ekari 160, kwa sharti la kuishi juu yake na kuilima miaka mitano. Wakalima, wakajenga nyumba, na kwa miaka mingi wakasali majumbani mwao.

Mwaka 1929 wakajenga msikiti, miongoni mwa ya mwanzo kabisa kujengwa Marekani kwa ajili ya swala. Ulikuwa chumba kimoja, nusu yake imezama ardhini, ndani kukiwa na jiko la makaa la kuwapa joto. Ukafuata mdororo mkuu wa uchumi, kisha ukame wa miaka ya 1930, na jengo halikupanda zaidi ya hapo.

Hata hivyo, si umasikini peke yake uliousimamisha msikiti ule. Vijana waliondoka kutafuta kazi, wengine wakaoa na kuolewa katika familia za Kikristo, na lugha ya wazee ikafifia. Safu zilipungua mwaka hadi mwaka, hata katika miaka ya 1970 jengo lililokwisha kuachwa likabomolewa.

Kilichobaki ni makaburi. Mwaka 2005, vizazi vya walowezi wale walijenga hapo msikiti mdogo wa mraba, wenye kuba na minara minne mifupi. Wapo wajukuu wasioujua Uislamu ila kwa majina yaliyoandikwa juu ya makaburi yale. Lakini majina hayo yalitosha kuwarejesha.

Sisi tunaohudumu katika kamati za misikiti hutumia vikao virefu kuhesabu mifuko ya saruji na mabati. Ross inatukumbusha hesabu nyingine: ni watoto wangapi wamo darasani mwa madrasa, na ni wangapi husimama safuni kando ya baba zao? Wazee wale walijenga kwa shida tusiyoijua. Allah awarehemu, na atujaalie tuwaachie watoto wetu zaidi ya kuta na makaburi.