Sukari ya 180, sukari ya 10

Kwenye orodha yangu, kipimo cha kiwango cha damu kina majina 11. Kuna Hb, HB, hb, Hgb, Haemoglobin, Hemoglobin, na kituo kimoja kule Molo huandika tu "damu". Kazi yangu ni kuyafanya yote yawe jina moja. Vituo ni sita, kutoka Naivasha hadi Molo, na meneja anataka mfumo mmoja, ili mgonjwa akipimwa Gilgil leo, daktari wa Nakuru ayaone matokeo bila kupigia mtu simu. Kwa mdomo ilikuwa kazi ya wiki mbili. Niko mwezi wa tano.

Majina ndiyo rahisi, kusema kweli. Tangu 1994 kuna LOINC, orodha ya namba za vipimo iliyoanzishwa na Regenstrief kule Indianapolis, taasisi ambayo watu wake walishirikiana na wenzao wa Eldoret kujenga OpenMRS, iliyoanza kutumika pale 2006. Unauambia mfumo kwamba "damu" ya Molo ni 718-7, maisha yanaendelea.

Shida ni kizio, yaani ile alama ndogo inayofuata namba. Mashine moja inasoma sukari kwa mmol/L, nyingine kwa mg/dL, na kutoka ya kwanza kwenda ya pili unazidisha kwa 18. Kwa hivyo 7.0 na 126 ni sukari ile ile, na hapo ndipo mstari ulipo: ukiamka nayo kabla ya chai, na kipimo kikirudiwa kikasema hivyo hivyo, una kisukari. LOINC imezipa namba mbili tofauti, 14749-6 na 2345-7. Lakini faili nyingi ninazoletewa zina tarakimu peke yake. "Si inajulikana tu," fundi mmoja wa maabara aliniambia.

Inajulikana na nani? Shosho yangu anaishi Elburgon. Mwaka jana kliniki moja ya mtaani ilimwandikia 180 kwenye kijitabu chake. Miezi mitatu baadaye akapimwa kliniki nyingine, akaandikiwa 10. Alitoka pale akiimba. Jumapili akasimama kanisani akashuhudia: kutoka mia moja themanini hadi kumi, Bwana asifiwe! Akaacha dawa. Na hakuna aliyemdanganya, namba zote mbili zilikuwa za kweli. Gawanya 180 kwa 18 uone.

Nilimweleza kwa maziwa. Shosho, maziwa ya debe moja ukiyahesabu kwa vikombe, yamekuwa mengi? Akaniangalia kwa muda.

"Kwa hivyo Mungu hakufanya kitu?"

"Amekuweka wiki tano bila dawa, Shosho, na bado unapalilia viazi."

Akanyamaza, kisha akauliza dawa zinauzwaje siku hizi.

Halafu kuna LDL. Kwa wengi ni ile kolesteroli mbaya. Lakini kwenye majibu ya kiwango cha virusi vya HIV hapa Kenya, LDL inamaanisha virusi ni vichache hadi mashine haivioni, na watu huitaja kwa furaha: niko LDL! Kompyuta haina furaha. Nimefungua safu iliyoandikwa LDL juu, nusu yake ni tarakimu, nusu ni neno LDL lenyewe, na hapo inabidi nirudi faili kwa faili.

Siku hizi nimeweka sheria: matokeo yasiyo na kizio, mfumo unayakataa. Mafundi hawanipendi, na siwalaumu. Foleni ya asubuhi ni ndefu, mtu anataka abonyeze amwite anayefuata, na mimi nimemwongezea hatua. Lakini fundi wa Molo, yule yule wa "damu", ndiye aliyeleta wazo ambalo sikulifikiria: karatasi ya mgonjwa wa sukari ichapishwe namba zote mbili, moja juu, moja chini, kila moja na kizio chake. Meneja anasema zitachanganya watu. Mimi niko upande wa fundi. Kikao ni Alhamisi.