Kumfuata Kaka Chuoni

Kakako yumo chuoni, nawe umeitwa chuo hicho hicho. Usishangilie upesi.

Hapa Emali wazazi huupenda sana mpango huo. Wa kwanza ameshajua basi la kupanda, chumba cha bei nafuu na mama wa kibanda anayekopesha githeri. Tena tangu SEKU ya Kwa Vonza, Kitui, ipate hati ya chuo kikuu kamili mwaka wa 2013, wengi huona heri watoto wasomee karibu, na wawe pamoja.

Nilipojiunga na chuo cha kaka yangu nilirithi godoro, sufuria na madaftari yake. Nilirithi na sifa zake. Mhadhiri mmoja alisoma jina langu akauliza kama nami nina kichwa kama cha yule. Darasa zima likacheka.

Lakini lililoniuma hasa ni pesa. Mama, ambaye huuza ndengu sokoni, alituma zangu kupitia kwa kaka. Hata ya sabuni nilipaswa kujieleza!

Kwa hivyo, kabla hujafungasha, ketini na mzazi mkubaliane kila mtu apokee zake. Mkopo wa HELB, bodi iliyoundwa mwaka wa 1995, hutolewa kwa jina la mwanafunzi, naye ndiye atakayeulipa. Kaka hana neno hapo. Kisha tafuta chumba chako mwenyewe. Mimi nilihama muhula wa pili. Kaka alinuna wiki mbili, halafu jioni moja akabisha mlango, anaomba chumvi.