Nafasi Kati ya Mistari

Msomaji wangu, watu wengi husikia neno urithi wakawaza shamba, ng'ombe na fedha. Mimi nataka kukueleza habari za urithi wa namna nyingine, ambao haupimwi kwa ekari wala hauhesabiwi zizini. Ni urithi wa watu wapendao tarakilishi za kale. Huenda ukacheka kusikia kwamba tarakilishi, ambayo wewe huiona kuwa chombo kipya, imekwisha kuwa na ukale. Lakini ukale inao, na wapenzi wake wamekuwa wazee.

Tarakilishi za kuwekwa nyumbani zilienea duniani katika miaka ya 1970 na 1980. Apple II ilitoka mwaka 1977, BBC Micro mwaka 1981, na Commodore 64 pamoja na ZX Spectrum mwaka 1982. Kijana aliyekuwa na umri wa miaka 20 wakati huo sasa amepita miaka 60. Katika Uingereza, Marekani na nchi nyingine wako watu ambao hata leo huzitunza mashine hizo. Huzifungua, huzitia lehemu, hubadilisha sehemu zilizokufa, na hukutana kuonyeshana kazi zao. Kifo huwapunguza mmoja mmoja, na kila anapoondoka mmoja, waliobaki huulizana: vitu hivi ni vya nani sasa, na ni nani ajuaye kuviendesha?

Swali hilo limefika hata Osieko. Osieko ni ufuo wa wavuvi katika nchi ya Bunyala, kaunti ya Busia, kando ya Ziwa Victoria na karibu na kinamasi cha Yala. Uko mbali na misururu ya malori ya mpakani Busia na Malaba, na mgeni akifika hukaribishwa kwanza na harufu ya omena walioanikwa. Huko ndiko nilikozaliwa, na baada ya kumaliza chuo cha ualimu nilirudi kufundisha katika shule isiyo mbali na nyumbani.

Yuko kwetu mzee mmoja, karani mstaafu, ambaye amepita miaka 70. Mwaka 1986, alipokuwa akifanya kazi Nairobi, alinunua Commodore 64 kwa mgeni mmoja aliyekuwa akirudi kwao. Ukiiona mashine hiyo utadhani ni kibodi nene tu, maana vyote vimo ndani ya kibodi. Huungwa na televisheni, na programu zake husomwa kutoka kaseti zinazofanana na zile za muziki. Kumbukumbu yake ni baiti 65,536, yaani nafasi ya herufi kiasi hicho. Haiwezi kubeba insha kumi kama hii unayoisoma. Ukiiwasha hukuambia kwamba zimebaki baiti 38,911 kwa kazi yako, kisha hunyamaza ikakungoja uiamuru.

Mzee huyu hakuwa peke yake. Zamani walikuwa watu watano: yeye, fundi wa redio wa mjini Busia, mstaafu mmoja wa reli aliyeishi Malaba, na wawili wa ng'ambo, Tororo. Walipelekeana kaseti na vipuri kwa mikono ya madereva. Leo wamebaki wawili. Yule wa Malaba alipofariki, watoto wake waliuza vitu vyake kwa wanunuzi wa vyuma vikuukuu, kwa kilo. Daftari zake zilifika kwa wauza njugu, na kurasa zake zikafungia njugu kituoni. Siwalaumu watoto wale. Hakuna aliyewaambia lililokuwa chuma na lililokuwa elimu.

Mwaka 2020 maji ya Ziwa Victoria yalipanda hadi kupita kidogo kimo cha mwaka 1964, kilichokuwa kikisimuliwa na wazee wetu kama ajabu isiyorudi. Nyumba nyingi za Bunyala ziliingiwa na maji, na watu wakahama. Nilikwenda kumsaidia mzee kuhama. Maji yalikuwa yamefika magotini, na mtumbwi uliotungoja ulikuwa umekwisha kujaa magodoro na kuku. Aliiweka mashine juu ya boriti, akachukua daftari tatu zilizofungwa ndani ya mfuko wa nailoni, akazitia kichwani na kutoka. Nikamwuliza kwa nini ameiacha mashine. Akanijibu, "Mwalimu, mashine hii ina ndugu zake mamilioni duniani. Daftari hizi hazina pacha."

Maneno hayo yalinikaa moyoni, kwa maana yanakubaliana na jambo kubwa lililotokea Uingereza. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, mhandisi Tommy Flowers na wenzake waliunda mashine iitwayo Colossus, ambayo tangu mwaka 1944 ilisaidia kufumbua barua za siri za majeshi ya Ujerumani. Vita vilipokwisha, nyingi kati ya mashine hizo zilivunjwa na michoro yake ikachomwa moto kwa amri, ili siri isitoke. Ikawa kana kwamba hazikuwako. Lakini baadhi ya wahandisi walikuwa wameficha vipande vya michoro nyumbani mwao, kinyume cha sheria. Mwaka 1993 Tony Sale alianza kuiunda upya Colossus akiwa na picha chache, vipande hivyo, na kumbukumbu za wazee waliokuwa bado hai. Kazi ilimalizika mwaka 2007. Yeye mwenyewe alifariki mwaka 2011, lakini mashine haikunyamaza, kwa sababu alikuwa amefanya kazi na wenzake, na waliojifunza kwake waliendelea kuiendesha.

Angalia basi, msomaji. Chuma kilivunjwa chote, na kikarudi kwa nguvu ya karatasi chache na vichwa vya wazee. Kama karatasi zingeteketea zote, na wazee wangekufa kimya, chuma kisingerudi kamwe. Mwenye kuacha mashine tu ameacha mzigo, lakini mwenye kuacha maelezo ameacha mbegu.

Hata hivyo, maelezo peke yake hayatoshi, na hili nalo nililiona katika daftari za mzee. Ndani yake mna programu alizozitunga mwenyewe kwa lugha ya BASIC. Katika lugha hiyo kila mstari wa programu huanza kwa namba, na tarakilishi hufuata namba hizo toka ndogo hadi kubwa. Mtungaji mwenye busara hahesabu 1, 2, 3. Huhesabu 10, 20, 30, ili kesho likionekana neno lililosahauliwa, liweze kuingia katika 15 bila kuvunja yaliyotangulia. Mzee aliandika zote namna hiyo. Aliacha nafasi kati ya mistari.

Moja ya programu hizo aliitunga kwa ajili ya wavuvi wa ufuoni. Ilitoa kwanza gharama ya petroli, ikampa mwenye mtumbwi na nyavu nusu ya fedha zilizobaki, na nusu ya pili ikawagawia wavuvi sawasawa. Mzee aliipenda kuliko zote. Mwaka 2022 nilianza kuwapeleka wanafunzi wachache kwake siku za Jumamosi. Msichana mmoja wa kidato cha pili aliinakili programu ile kutoka daftarini, mstari kwa mstari, akaijaribu. Fungu la wavuvi lilikuwa shilingi 1,000, nao walikuwa watu watatu. Mashine ikasema kila mmoja apewe 333. Msichana akajumlisha kwa kalamu, akapata 999. Akauliza, "Babu, shilingi moja imekwenda wapi?"

Mzee alikitazama kioo cha televisheni kwa muda mrefu. Programu ile ilikuwa na umri unaozidi mara mbili umri wa msichana, na kwa miaka yote hiyo hakuna aliyeiuliza swali. Nami niliogopa, kwa kuwa wazee wengi hawapendi kusahihishwa na watoto. Kisha akamwambia, "Ina mwenyewe. Mtafutie njia." Msichana akafikiri, akaandika mstari wa 145 kati ya ule wa 140 na ule wa 150, ukaonyesha fedha iliyosalia na kuuliza apewe nani. Mzee akafungua daftari, na katika nafasi iliyokuwa wazi akaandika mstari ule kwa mkono wake, na mbele yake tarehe na jina la msichana.

Siku hiyo nilielewa ni kwa nini wapenzi wengi wa vitu vya kale hukosa warithi. Wapo wanaovipenda vitu vyao mno hata hawaruhusu viguswe. Mtoto akinyosha mkono huambiwa, "Acha, utaharibu." Huondoka asirudi, na baadaye mwenye chombo hulalamika kwamba vijana wa siku hizi hawajali. Ni kweli kwamba kilichoguswa huweza kuharibika. Lakini kisichoguswa nacho huharibika: kaseti hupoteza sauti zake, na kapasita ndani ya mashine hukauka zikiwa zimefungiwa kabatini.

Ushahidi wa jambo hili tunao pia katika Afrika ya Mashariki. Programu ya ofisini iitwayo OpenOffice ilitokana na kazi iliyoanzia Ujerumani. Mwaka 2000 wenye mali hiyo, kampuni ya Sun ya Marekani, waliiweka wazi ili mtu yeyote aisome na kuibadilisha. Hawakuifungua kwa ajili ya Kiswahili, wala hawakuhitaji kukijua. Kwa sababu ya uwazi huo, mwaka 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam waliweza kutoa Jambo OpenOffice, iliyozungumza na mtumiaji wake kwa Kiswahili. Toleo lile sasa limezeeka, kama kila programu izeekavyo. Lakini limeonyesha kwamba kazi iliyoachiwa nafasi huweza kupokewa na mtu ambaye mtungaji hakumwaza.

Huenda ukaniuliza faida ya kuhangaika na mashine ambayo simu ya bei ndogo huishinda kwa kila kitu. Ni swali la haki. Sisemi kwamba kila kikuukuu kitunzwe. Nyumba zetu zingejaa, tukakosa pa kulala. Nasema kwamba mashine ndogo humfundisha mtu kwa kuwa huweza kuielewa yote. Simu hukuficha kazi yake, na wewe huitumia kama mgeni atumiavyo nyumba ya mwenyeji. Msichana yule aliiona shilingi iliyopotea kwa sababu aliweza kusoma kila mstari kwa macho yake.

Kwa hiyo nakuomba ufanye jambo moja. Pengine kwenu hakuna tarakilishi ya kale. Lakini hukosi shangazi ajuaye dawa ya kuku, au jirani ajuaye kuziba mtumbwi, au babu aliyepata kuendesha gari la moshi. Nenda ukae naye. Mwombe akuruhusu kugusa. Andika asemayo katika daftari, pamoja na tarehe, na usiandike kwa kubana. Acha nafasi kati ya mistari, maana iko shilingi ambayo ninyi wawili hamjaiona, na atakayeiona huenda bado hajazaliwa.