Shuka Bern Kwanza

Mwanangu Zuhura,

Baba yako amenipa ratiba yako ya Uswisi niisome: siku nane, Zürich, Geneva, Interlaken, na treni ya kupanda Jungfraujoch. Hiyo ni ratiba ya wakala. Nauli ya Jungfraujoch peke yake itakumalizia posho, na ukungu ukishuka siku hiyo utapiga picha na ukuta mweupe. Milima ya nchi ile haihitaji kufuatwa, iko kila dirishani. Miji ndiyo ya kutafutwa, hasa ile midogo iliyobanwa na mabonde, kwa sababu humo ndimo utakapoona watu wamefanyaje wakaweza kuishi kwenye majabali.

Shuka Bern kwanza. Ndio makao ya serikali yao, lakini huoni kishindo cha mji mkuu. Mji wa kale, ulioingia kwenye orodha ya UNESCO mwaka 1983, umekaa juu ya ulimi wa ardhi uliozungukwa na mto Aare pande tatu. Maduka yake yamejipanga chini ya matao ya mawe, kilomita kama sita zikiunganishwa, hata mvua inyeshe vipi huhitaji mwavuli. Kramgasse namba 49 ni nyumba aliyopanga Einstein alipokuwa karani wa ofisi ya hataza. Wakati wa joto utawaona wenyeji wakipanda kando ya mto kwa miguu, kisha wanajitupa majini na kuachia mkondo uwarudishe mjini. Wewe kaa ukingoni uwatazame. Najua unaogelea, lakini bahari ya Unguja uliyokulia haikufundishi maji yale: ni ya baridi ya kukata pumzi, yanakimbia, na ukikosa kushika vyuma vyekundu vya kutokea, unachukuliwa.

Kutoka Bern kwa treni hata nusu saa haiishi, unafika Fribourg, na hapo nakusihi ulale. Mji umegawanyika, nusu juu ya jabali, nusu bondeni. Huku Kifaransa, kule Kijerumani. Kuna vibehewa viwili vilivyofungwa kwenye ncha mbili za kamba moja ya chuma, vinapanda na kushuka tangu mwaka 1899, na kinachoviendesha ni maji machafu ya majumbani. Ndiyo, hayo hayo unayoyafikiria. Kibehewa cha juu kinajazwa maji ya mfereji kwenye tangi lake, kinakuwa kizito, kinateremka, na kwa uzito huo kinamvuta mwenzake juu. Kikifika chini kinamwaga, na mchezo unaanza upya. Dereva kazi yake ni breki. Harufu ipo, sitakudanganya, lakini kwangu mimi kibehewa kile kina akili kuliko treni zote za watalii.

Zürich na Geneva wewe pita tu. Geneva tazama makumbusho ya Msalaba Mwekundu, uondoke. Lala Lausanne, mji niliofanyia kazi ya jikoni. Magoti yako yatalalamika kwa vile vilima. Usiku, kuanzia saa nne hadi saa nane, mlinzi wa mnara wa kanisa kuu hutangaza saa kwa sauti yake mwenyewe, desturi yenye zaidi ya miaka mia sita. Simama chini ya mnara usikilize.

Karibu na hapo, kando ya ziwa, ni Montreux. Pana sanamu ya Freddie Mercury, ngumi juu, kaupa mgongo mji. Watalii wengi wanaopanga foleni kupiga picha hawajui kwamba alizaliwa kwetu Unguja mwaka 1946. Ukiwa na nafasi, waambie.

Ukipenda saa, panda La Chaux-de-Fonds, mita kama elfu moja juu ya bahari. Mji uliungua mwaka 1794, wakaujenga upya kwa barabara zilizonyooka na nyumba zenye madirisha mengi, ili fundi wa saa apate mwanga wa jua mezani pake. Si mji mzuri wa sura, na wengi hawaupendi. Mimi naupenda.

Siku mbili za mwisho ziwe za Bellinzona, kusini, wanakosema Kiitaliano. Ngome tatu zinaulinda mji, na Jumamosi soko liko mitaani. Ila usiende kwa njia ya handaki jipya la kilomita 57. Utakaa gizani bure. Chukua treni ya reli ya zamani ya Gotthard. Pale Wassen reli inajizungusha ndani ya mlima, na kanisa moja dogo jeupe utaliona mara tatu: kwanza liko juu yako, halafu ubavuni, halafu chini.

Visa omba mapema, na bima ya matibabu isipungue euro 30,000. Pesa yao ni faranga, si euro. Nunua kadi ya nusu nauli ya wageni. Maji usinunue, chupa yako ijaze kwenye chemchemi za mitaani. Jumapili maduka mengi hufungwa, basi mkate na jibini vinunuliwe Jumamosi. Chumba cha Fribourg tafuta kule bondeni, usichukue karibu na stesheni. Ukishapanga upya, nitumie niione kabla hujalipa chochote.

Shangazi yako